Siri ya Mtungi Muulize Kata

Katika shule zetu za msingi lipo dodoso moja linalotumiwa na kila mwalimu, hata na yule ambaye neno hilo hajapata kulisikia. Mwalimu amalizapo kueleza jambo hugeuka kutoka ubaoni akauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitika kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Basi ubao hufutwa na somo likasonga mbele. Kipindi kiishapo mwalimu hulifungua andalio lake la somo, na pale palipoandikwa "Maoni" akajaza kwamba somo limeeleweka vizuri. Jioni, asahihishapo madaftari, ndipo aonapo kwamba wengi wa wale walioitikia hawakuelewa.

Watoto wale hawakukusudia kudanganya. Waliulizwa swali lenye jibu moja tu la adabu. Mtoto wa miaka 8 atasimamaje mbele ya wenzake 70 aseme, "Mimi sikuelewa"? Atachekwa, na pengine atadhani kwamba amemvunjia mwalimu heshima. Kwa hiyo kasoro haimo katika jibu. Imo katika swali, na katika namna lilivyoulizwa.

Makala haya yanawaelekea ninyi wanachuo ambao karibu mtatoka kwenda katika mazoezi ya kufundisha. Tunakusudia kutetea neno moja. Mwalimu hawezi kupanga mafundisho ya watoto walio mbalimbali bila ya kuwauliza watoto wenyewe. Lakini swali ambalo jibu lake haliwezi kubadili chochote katika mafundisho lisiulizwe kabisa. Kila swali tumwulizalo mtoto ni deni, na deni hilo hulipwa darasani.

Mwanafunzi wa wastani

Tulitazame andalio la somo kama linavyofundishwa vyuoni. Juu kabisa huandikwa tarehe, darasa, kipindi, muda, na idadi ya wanafunzi: walioandikishwa na waliohudhuria, wasichana kadha na wavulana kadha. Kisha huja umahiri, malengo, zana, na hatua za somo tangu utangulizi hadi hitimisho. Utaona basi kwamba juu ya watoto wenyewe andalio lina tarakimu tu. Yaliyobaki karibu yote ni juu ya mada. Mwalimu aketipo mezani usiku hujikuta akimwandalia somo mtoto mmoja wa kubuni, ambaye tumezoea kumwita mwanafunzi wa wastani. Mtoto huyo anajua Kiswahili vizuri, ameshiba, anauona ubao, na somo la jana alilielewa. Ana ila moja tu: hayumo katika kitabu cha mahudhurio. Jina lake likiitwa asubuhi hakuna aitikaye.

Waliomo ni wengine. Tanzania ilipotekeleza Azimio la Musoma la mwaka 1974 kwa kuanzisha Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977, milango ya shule ilifunguliwa kwa upana ambao haukuwapo kabla yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ada ya shule za msingi iliondolewa, na mwaka 2016 Serikali ikaanza kutekeleza mpango wa elimu bila malipo hadi kidato cha nne. Kila mara mlango ulipofunguliwa waliingia watoto ambao zamani wangebaki nje: mtoto wa mfugaji anayehama na malisho, mtoto anayelelewa na bibi yake, mtoto asiyesikia vizuri, mtoto aliyechelewa kuanza. Nalo Azimio la Salamanca, lililotolewa nchini Hispania mwaka 1994, lilisisitiza kwamba shule ya kawaida ndiyo impokee kila mtoto, pamoja na mwenye mahitaji maalumu. Wapo wanaolalamika kwamba kwa sababu hiyo madarasa yamekuwa magumu kufundisha. Sisi twaona kwamba ugumu huo ni dalili ya ushindi, maana darasa ambalo watoto wote wamefanana ni darasa lililowaacha wengi nyumbani.

Lakini ushindi huo una madai yake. Tuchukue mfano wa lugha. Tuseme mwalimu wa Darasa la Tatu, katika shule mojawapo ya Mkoa wa Morogoro, ambako wafugaji wa Kimaasai na wa Kisukuma wamehamia miongoni mwa wakulima, anakuta katika madaftari matatu sentensi hii moja: "Kiti yangu imevunjika." Kosa ni lile lile, na mwalimu asiyeuliza atalitibu kwa dawa ile ile: atasahihisha kwa wino mwekundu na kuwaamuru wote waandike mara kumi, "Kiti changu kimevunjika."

Sasa tuseme kwamba mwalimu huyu amekwisha kuwauliza watoto wake lugha wanazosema nyumbani. Wa kwanza ni mtoto wa Kisukuma. Lugha yake ni ya Kibantu kama Kiswahili, nayo ina ngeli. Kwao husema munhu na banhu pale tusemapo mtu na watu. Mtoto huyu tayari anajua kwamba jina huvuta maneno yanayolifuata. Kinachomtatiza ni viambishi tu, na akilinganishiwa lugha mbili hizi atang'amua upesi. Wa pili ni mtoto wa Kimaasai. Lugha yake si ya Kibantu, nayo huyagawa majina kwa jinsi ya kiume na ya kike, ambayo hutambulikana kwa ol- na en- mwanzoni mwa jina. Kwake mpango wa ki- na vi- ni jambo jipya kabisa, na itambidi alisikie na kulitenda kwa vitu vya kushika mkononi, kiti na viti, kikombe na vikombe, kabla hajatakiwa kuliandika. Wa tatu amezaliwa mjini, na Kiswahili ndiyo lugha pekee aijuayo. Lakini watu wazima wanaomzunguka ndivyo wasemavyo kila siku, "kiti yangu imevunjika". Yeye hana upungufu wa lugha. Anahitaji kufahamishwa kwamba usemi wa mtaani una mahali pake na usemi wa kitabuni una mahali pake, bila ya kuambiwa kwamba mama yake hajui kusema.

Watoto watatu, kosa moja, dawa tatu. Habari iliyozitenganisha dawa hizo haimo katika muhtasari wa somo wala katika kiongozi cha mwalimu. Imo kwa mtoto. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi muulize kata, maana kata ndiyo iingiayo ndani.

Jambo hili si geni

Kuuliza kwanza na kufundisha baadaye si mtindo mpya uliozuka jana. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos nchini Brazil, Paulo Freire na wenzake waliwafundisha kusoma watu wazima wapatao 300. Kabla ya kuandika neno lolote ubaoni walikwenda kwanza kusikiliza maneno ambayo watu wale waliyatumia katika kazi na maisha yao, kisha wakayachagua machache yaliyobeba uzito, na kwa maneno hayo wakafundisha. Hapa kwetu mpango wa kisomo chenye manufaa, ulioanza mwaka 1968 katika mikoa ya Ziwa na makao yake yakiwa Mwanza, ulifuata njia iliyokaribiana na hiyo. Vitabu vya kwanza vya kusoma viliandikwa kufuatana na kazi za wasomaji: cha pamba kwa wakulima wa pamba, cha uvuvi kwa wavuvi, cha migomba kwa wenye migomba. Mwaka huo huo wa 1968 mwanasaikolojia wa Marekani, David Ausubel, alitoa kitabu ambamo alishika msimamo kwamba jambo kubwa kuliko yote katika kujifunza ni lile ambalo mwanafunzi amekwisha kulijua, na kwamba mwalimu hana budi kulitambua kwanza.

Ikiwa mtu mzima mwenye jembe lake alistahili kuulizwa kabla ya kufundishwa, mtoto asistahili kwa nini? Mtu mzima akichoshwa na somo huondoka akarudi shambani kwake. Mtoto hana uhuru huo. Hubaki kitini, akaitikia "Ndiyo", na mwaka ukapita.

Tuulize nini

Hapa yafaa tutahadhari na dodoso moja linalopendwa sana. Wanachuo wengi wamesoma kwamba wako watoto wanaojifunza kwa kuona, wengine kwa kusikia, na wengine kwa kutenda. Hivyo hutaka kuwauliza watoto ni wa aina gani, kisha wawagawe. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walizipitia tafiti zilizokuwapo juu ya jambo hilo, wasione ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha kuwagawa wanafunzi kwa mitindo hiyo. Mtoto yeyote afundishwaye umbo la pembetatu ataliona, atasikia jina lake, na atalikunja kwa karatasi. Vyote vitatu vyamfaa. Kumwambia kwamba yeye ni "wa kusikia" ni kumnyima viwili.

Maswali yafaayo ni yale ambayo mwalimu anajua mapema atafanya nini na jibu. Tunapendekeza matano, yanayotosha kabisa kwa mwanzo wa muhula.

La kwanza: Nyumbani unasema lugha gani na bibi yako, na lugha gani mnapocheza na wenzako? Jibu litamwonyesha mwalimu ni nani ahitaji kusikia neno kabla ya kulisoma, na ni nani awezaye kumsaidia mwenzake kwa lugha ya kwao.

La pili: Ukikaa hapo ulipo, unaona na kusikia vizuri? Swali hili lisiulizwe kwa maneno, kwa kuwa mtoto ambaye tangu kuzaliwa huona ukungu hudhani kwamba ulimwengu wenyewe ndivyo ulivyo. Mwalimu aandike ubaoni herufi E kubwa na ndogo zilizogeuzwa huku na huku, na kila mtoto, akiwa mahali pake, aonyeshe kwa vidole meno ya herufi yanaelekea upande gani. Hata asiyejua kusoma ataweza. Kisha mwalimu asimame nyuma ya mtoto na kunong'ona maneno matatu ayarudie. Hiki si kipimo cha mganga, ila chatosha kumfanya mwalimu ambadilishie mtoto kiti leo hii, na kumwita mzazi kesho.

La tatu: Ukitoka shuleni unafanya nini mpaka unapolala? Mtoto atasema anachota maji, anachunga, anauza karanga kituoni, analea mdogo wake. Mwalimu ajuaye hayo hatatoa kazi ya nyumbani ya saa nzima kwa mtoto arudiye na mbuzi wakati wa giza. Atampa nafasi ya kuifanya mapema, kabla ya kuondoka shuleni.

La nne: Ni kazi gani unaijua vizuri hata ungeweza kumfundisha mwenzako? Kutoka katika majibu haya mwalimu atapata mifano ya masomo yake. Mtoto auzaye karanga kila siku hufanya kichwani hesabu za kujumlisha na kurudisha chenji ambazo hushindwa kuzifanya daftarini, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba ni zile zile.

La tano: Ukikwama katika kazi ya darasani, humwuliza nani? Majina yatakayotajwa mara nyingi ndiyo ya kuongoza vikundi. Na mtoto ambaye hujibu, "Simwulizi mtu," huyo ndiye wa kutazamwa kwanza.

Tuulizeje

Dodoso la kujaza kwa kalamu lina mahali pake kuanzia Darasa la Tano kwenda juu. Kwa watoto wadogo halifai. Asiyejua kusoma ndiye hasa tutakaye kumjua, naye ndiye atakayenakili majibu ya jirani yake. Tutakusanya karatasi 70 zenye maoni ya watoto 20.

Njia ya kwanza ni mazungumzo. Mwalimu akizungumza na watoto 5 kwa siku, dakika mbili mbili, wakati wa mapumziko au wakati wengine wakifanya zoezi, atawamaliza 25 kwa juma, na darasa la watoto 75 kwa majuma matatu. Maana ya kudodosa ni kuulizauliza kidogo kidogo. Si kazi ya siku moja. Aulize akiwa ameketi, na asiandike mbele ya mtoto kama askari achukuaye maelezo. Ajaze daftari lake baadaye.

Njia ya pili ni kura ya vizibo. Vizibo vya soda tunavyo tayari, maana ndivyo tuhesabiavyo. Mwalimu aweke makopo mawili nje ya mlango, moja limechorwa jua na jingine wingu. Kila mtoto apewe kizibo kimoja, na atokapo kwenda mapumzikoni akitumbukize: katika jua ikiwa somo limemwangazia, katika wingu ikiwa bado ana giza. Makopo yawe na mifuniko yenye tundu, na asisimame mtu karibu. Kizibo hakina jina, kwa hiyo hakina aibu. Darasa lile lile lililoitikia "Ndiyo, mwalimu!" laweza kumjazia mwalimu kopo la wingu, naye akapata kwa dakika tano habari ambayo angeipata mwisho wa muhula.

Hata hivyo kizibo kinasema tu jinsi mtoto anavyojiona. Wapo wasioelewa ambao hawajui kwamba hawakuelewa. Kwa hiyo njia ya tatu, iliyo bora kuliko zote katika kupanga somo la kesho, ni swali moja la kutokea, ambalo kila mtoto hulijibu katika kipande cha karatasi. Tutoe mfano wa Hesabu. Somo limekuwa la kutoa kwa kukopa, na mwalimu ameandika ubaoni: 302 toa 145.

Mtoto aliyejibu 157 amepata. Aliyejibu 243 hakubahatisha: amekwenda safu kwa safu akitoa tarakimu ndogo katika kubwa popote ilipokuwa, 2 katika 5, 0 katika 4, 1 katika 3. Huyu hajajua bado kwamba kukopa kuna maana gani. Aliyejibu 257 anajua kukopa. Ameipata 12 katika mamoja na 9 katika makumi, ila amesahau kupunguza mamia aliyoyakopa. Ukimpa huyu somo la yule wa 243 utamchosha. Ukimpa yule wa 243 somo la huyu utampoteza. Kwa kuzipanga karatasi mafungu manne, yaani 157, 243, 257 na mengineyo, mwalimu anakuwa amelipanga darasa lake kwa muda mfupi kuliko ule wa kunywa kikombe cha chai.

Jibu liingie wapi

Sasa deni lilipwe. Kesho yake kundi la 243 likae na vijiti vilivyofungwa kumikumi na miamia, lifungue fungu moja la mia liwe makumi kumi, na fungu moja la kumi liwe mamoja kumi, kwa mikono. Kundi la 257 lipewe hesabu tatu zilizokwisha kufanywa zenye kosa lile lile, lilitafute kosa lenyewe. Kundi la 157 litunge mafumbo ya dukani kwa hesabu hizo. Waliojibu mengineyo wakae karibu na mwalimu. Katika andalio la somo hayo yote hayachukui zaidi ya mistari mitano, na mistari hiyo mitano ndiyo tofauti kati ya somo lililoandaliwa kwa darasa hili na somo lililonakiliwa kutoka andalio la mwaka jana.

Mwalimu awaambie watoto pia kwamba walichosema kimesikika. Asema, "Jana mlijaza kopo la wingu. Kwa hiyo leo tutarudi kidogo." Maneno haya machache yana nguvu kubwa. Mtoto aliyeona swali lake limeleta badiliko, mara ya pili atasema kweli zaidi. Lakini mtoto aliyeulizwa mara tatu na asione chochote hujifunza kwamba maneno yake ni upepo, na hilo ni somo baya ambalo shule isingependa kulifundisha.

Mipaka ya kuuliza

Yapo mambo ambayo mwalimu hana haki ya kuyaulizia hadharani. "Nani hakula asubuhi? Nyosheni mikono!" ni swali la kumvua mtoto nguo mbele ya watu. "Baba yako yuko wapi?" linaweza kufukua kaburi. Anayetaka kujua ni nani ana njaa atazame ni nani asinziaye saa nne, kisha azungumze naye faraghani. Daftari la majibu likae na mwalimu, lisibandikwe ukutani wala kusomwa katika chumba cha walimu kwa kuchekesha. Tanzania imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Lakini hata kabla ya sheria hiyo, mwungwana alijua kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mwosha hasemi.

Siri hiyo ina mpaka mmoja. Mtoto akifungua moyo akaeleza kwamba anaumizwa au anadhulumiwa, mwalimu asimwahidi kunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto huyo, na mwalimu anao wajibu wa kulifikisha jambo lake kwa mkuu wa shule na kwa ustawi wa jamii. Amweleze mtoto kwa upole ni nani atakayeambiwa na kwa nini.

Mpaka mwingine ni ule wa majina. Dodoso lisiwe kiwanda cha kutengeneza "wepesi" na "wazito". Kundi la 243 ni la siku hiyo na la hesabu hiyo. Juma lijalo, katika somo la Kiswahili, watoto wale wale huenda wakawa viongozi. Mwalimu anayeyaacha makundi yakae mwaka mzima amewajengea watoto ukuta kwa matofali waliyompa wenyewe.

Majibu kwa wapinzani

Watatuambia kwamba muda hautoshi, kwa kuwa muhtasari ni mrefu. Twajibu kwamba muda mwingi tayari unapotea kwa kuwafundisha watoto wanachokijua na kwa kuwafundisha wengine wasichoweza bado kukipokea. Kura ya vizibo huchukua dakika tano. Kipindi kizima kilichopotea hakirudi.

Watatuambia kwamba mtoto hajui limfaalo. Ni kweli, wala hatukusema achague yeye mada za kufundishwa. Mgonjwa hajui dawa, lakini mganga asiyemwuliza mgonjwa panapouma atampa dawa ya tumbo mtu mwenye jino bovu. Kuchagua dawa ni kazi ya mwalimu; kuonyesha panapouma ni kazi ya mtoto.

Watatuambia, mwishowe, kwamba mwalimu akiuliza watoto maoni yao atashuka heshima. Hapo twapingana nao kabisa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwalimu hajapata kukaa katika dawati la nyuma la darasa lake mwenyewe. Kuuliza kwa mtu mwenye madaraka si unyonge. Ni njia ya kuyatumia madaraka kwa haki.

Tungependa basi kupendekeza jambo moja kwa wanachuo na jingine kwa wakufunzi wenzetu. Ninyi wanachuo, mfikapo shuleni, msianze na maswali yote matano. Chagueni moja, lile ambalo mko tayari kulilipia, mliulize darasa zima kwa siri na kwa upole, na katika juma hilo hilo mbadilishe kitu kimoja mbele ya macho ya watoto: kiti, mfano, kundi, au kazi ya nyumbani. Nasi wakufunzi, tujapo kuwakagua, tutazame maandishi ya ubaoni na zana kama ilivyo desturi. Lakini fomu ya ukaguzi iongezwe mstari mmoja. Mkaguzi amchague mtoto yeyote aliyeketi nyuma, kisha amwulize mwanachuo maswali mawili: Mtoto yule unajua nini juu yake? Na katika andalio lako la leo, mahali gani umemwandikia yeye?